Mteja Aliyejibiwa Kabla Hajalalamika

Mwanamke mmoja alituandikia kulalamika kwamba bomba lake linatoa hewa tu, maji hakuna.

Kwa mujibu wa kompyuta yangu, nilikuwa nimeshamjibu nusu saa kabla hajalalamika.

Tena nilimjibu vizuri. Nilimpa pole, nikamwambia mafundi wako njiani, nikamtakia siku njema.

Sasa niambie wewe, kuna huduma kwa wateja inayozidi hiyo? Mtu hajagusa bomba, pole ameshapewa.

Ofisini hawakuona hivyo.

Hii imenitokea mimi mwenyewe, sikuambiwa na mtu. Najua wapo watakaosema natunga. Hao wasome tu, mwishoni tutaelewana.

Kazi yangu ni kujibu malalamiko ya kampuni ya maji. Jina la kampuni sitaji, wana watu wanaosoma kila kitu. Nafanyia kazi nyumbani, kwenye kompyuta ya mezani iliyo kwenye kona ya sebule. Asubuhi hadi jioni watu wanamtukana "mtu wa maji", na mtu wa maji ndiye mimi. Maji yenyewe sijawahi kumfungulia mtu hata ndoo moja.

Kila jibu ninalotuma linagongwa saa, na saa hiyo inatoka kwenye kompyuta yangu.

Najua kompyuta inaweza kujirekebisha saa yenyewe kwa mtandao. Ofisi waliifunga hiyo, wakasema ni kwa sababu za usalama. Usalama wa nani, sikuambiwa. Na ukirekebisha saa kwa mkono, mfumo wao unaandika pembeni kwamba umeigusa saa, kama vile umeonekana dirishani kwa jirani.

Basi, saa ikaanza kubaki nyuma.

Asubuhi iko sawasawa. Nikitoka kwenda kula mchana nikarudi, iko nyuma. Siku nikigundua, narekebisha kwa mkono. Siku nisipogundua hadi jioni, najibu watu kabla hawajalalamika.

Msimamizi wetu tunamwita Bi Ushahidi, maana hata ukimwambia unaumwa kichwa atakuuliza kipo wapi. Akanipigia.

"Kaka, wewe ni mganga?"

"Hapana, dada. Kwa nini?"

"Unajibu watu ambao bado hawajaandika. Sasa kuna mawili. Ama unaandika majibu mapema bila kusoma, ama unachezea saa ili uonekane huchelewi. Na hapa naona umeigusa saa kwa mkono, tena si mara moja."

"Saa inabaki nyuma yenyewe, dada. Sijui kwa nini."

"Niandikie hayo. Halafu Ijumaa saa nane mchana tunakutana kwa video. Mtu wa utumishi atakuwepo. Uje na ushahidi."

Mtu wa utumishi hahudhurii kikao kuja kukusalimia. Anakuja kukusindikiza.

Niliogopa, sitaki kujifanya shujaa. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inalipa pango. Mke wangu anafundisha watoto wa chekechea, na mshahara wake unafanana na umri wa wanafunzi wake. Tena tulikuwa na mgonjwa ndani. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, alikuwa kwetu baada ya kupasuliwa jicho, anahudhuria kliniki.

Hapa niwaeleze kuhusu mimi na mama mkwe.

Tunaheshimiana. Nikisema tunaheshimiana, nina maana hatukuwa tumewahi kuzungumza sentensi nzima.

Mimi nikiwa sebuleni, yeye yuko chumbani. Akitaka kupita kwenda uani, anakohoa, na mimi nageukia ukutani kama mtoto aliyepewa adhabu hadi apite. Nikiwa na neno la kumwambia, namwambia mke wangu kwa sauti karibu na mlango wa mama, na ujumbe unafika.

Mke wangu akiwa hayupo, namwambia vilevile.

Kuna siku nilitangaza hapo sebuleni, "Mke wangu, chai ipo kwenye chupa." Mke wangu alikuwa kazini tangu asubuhi. Mama akakohoa, nikageukia ukutani, akatoka akamimina chai yake. Hakuna aliyeona ajabu.

Mchana nilikuwa naondoka kwenda kula kwenye kibanda cha jirani, ili mama naye apate nafasi ya kutoka chumbani na kukaa anavyotaka. Naizima kompyuta, waya nauacha ukutani, nafunga mlango, naenda zangu.

Turudi kwenye saa. Kabla hata ya simu ya Bi Ushahidi, nilikuwa nimeshamwita fundi.

Fundi huyu tunamwita Uhakika, kwa sababu ndilo neno lake. Hajawahi kutengeneza kitu kikapona, lakini uhakika anao.

"Virusi," akasema kabla hata hajakaa.

"Virusi vinakula saa?"

"Kuna vya kula saa, kuna vya kula picha. Uhakika."

Akaifuta kompyuta yote akaipanga upya. Picha zetu za harusi zikaenda na maji. Saa ikaendelea kubaki nyuma. Kwa hiyo virusi vya kula picha kweli vilikuwepo, vilikuja vimebeba begi la spana.

Nikamwita tena. Safari hii akafungua boksi la kompyuta, akachomoa kibetri bapa kama kifungo cha koti.

"Hiki ndicho kinachoiendesha saa kompyuta ikikosa umeme ukutani," akasema. "Kimekufa. Tunaweka kipya."

Akatoa kopo mfukoni. Ndani ya kopo kulikuwa na vibetri, skrubu na pipi mbili.

"Hicho ni kipya?"

"Kwako ni kipya."

Akakiweka, akala pipi, akaondoka. Kesho yake mchana saa ikabaki nyuma zaidi ya mwanzo.

Tangu kabla ya mambo ya saa nina tabia ya kuzungumza peke yangu, maana mashine yenyewe ni nzito. Kila nikiinuka kwenda kula nalalamika hapo mezani, "Mashine imechoka hii. Haipati mapumziko ya kutosha, ndiyo maana." Wiki ya kwanza ilikuwa inabaki nyuma nusu saa. Kadiri nilivyolalamika, ndivyo ilivyozidi. Ikakaribia saa nzima. Ilikuwa inanikomoa, hakuna maelezo mengine.

Ndipo nikatumia akili, ile kidogo iliyobaki.

Usiku kucha kompyuta inalala imezimwa, asubuhi saa iko sawa. Mchana naizima muda wa kula tu, saa inaharibika. Basi tatizo haliko kwenye kuzimwa. Kuna kitu kinatokea mchana, mimi nikiwa sipo.

Siku ya Jumatano, kabla sijaenda kula, nikachana kijikaratasi nikakichomeka kati ya plagi na ukuta. Mtu akichomoa waya, karatasi inaanguka. Niliporudi, plagi ilikuwa mahali pake imetulia.

Karatasi ilikuwa chini.

Nikasubiri mke wangu arudi.

"Hebu muulize mama kama kuna mtu anaingia sebuleni mchana."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote."

"Mchana humu ndani yuko mama peke yake. Kwa hiyo unataka nimwulize mama yangu kama yeye ni mtu yeyote?"

"Sijasema hivyo."

"Jicho moja limefungwa bandeji. Unataka umfungulie kesi kwa hilo lililobaki?"

"Mke wangu, Ijumaa wananifukuza kazi."

"Basi waambie wakufukuze kwa makosa yako. Mama yangu mwache apone."

Mlango wa chumba cha mama ulikuwa umefungwa, lakini kwa ukimya uliotoka mle ndani nilijua kuna mtu amesimama nyuma yake. Chakula cha jioni tulikula kila mtu na sahani yake na mawazo yake.

Ijumaa ikafika.

Nikazima kompyuta kama kawaida, nikaaga ukuta kwamba nakwenda kula, nikatoka. Kibandani sikufika. Nikazunguka nyumba, nikasimama kwenye dirisha la sebule, pale pazia linapokosa kufika mwisho. Mtu mzima, shati limechomekewa, nachungulia nyumba ninayoilipia pango mwenyewe.

Mama akatoka chumbani, kichwa wazi, anapapasa ukuta kwa sababu ya lile jicho. Akainama taratibu penye soketi, akachomoa waya. Akauzungusha vizuri, akauweka juu ya meza. Akachukua kitenge chake akakikunja mara mbili, akalifunika boksi la kompyuta.

Kisha akakaa chini pembeni yake na kipande cha katoni mkononi, akaanza kuipepea.

"Pumzika, mwanangu," akaiambia. "Watakuua hawa. Pumzika."

Pale pale dirishani nikaacha kuchungulia.

Maana nilielewa yote kwa pamoja. Ndani ya nyumba ile, kila neno nililokuwa naliambia ukuta lilikuwa ujumbe kwa mama. Chai ipo kwenye chupa, ni ujumbe. Nakwenda kula, sebule iko wazi, ni ujumbe. Sasa mtu anayetumiwa ujumbe kwa njia hiyo, akisikia "mashine imechoka, haipati mapumziko ya kutosha", atafanya nini? Atafanya alivyoagizwa na mkwewe. Na mkwewe akizidi kulalamika, ataongeza mapumziko.

Mimi ndiye niliyekuwa natoa maagizo. Na kile kibetri cha Uhakika kilikuwa mahututi kama mwenzake, saa kinaikumbuka lakini kuisogeza hakiwezi, ndiyo maana waya ukichomolewa tu saa nayo inasimama.

Nikatazama simu yangu. Saa nane ilikuwa inakaribia.

Kuingia, siwezi. Mama yuko kichwa wazi, miguu ameinyoosha. Kukohoa, siwezi. Angeinuka kwa haraka na jicho moja angejigonga kwenye meza. Basi nikasimama nje nikisubiri kompyuta yangu imalize kupepewa, huku kazi yangu inaondoka.

Alipoichomeka na kurudi chumbani, nikaingia mbio. Kompyuta ikawaka kwa mwendo wake ule wa bibi harusi. Nilipotokea kwenye video, wote wawili walikuwa wameshakaa.

"Umechelewa," akasema Bi Ushahidi.

Kwa saa ya kompyuta yangu, nilikuwa nimewahi sana. Sikuisema hiyo.

Bwana wa utumishi alikuwa anatabasamu kama mtu ambaye barua ameshaichapa.

"Haya, kaka," Bi Ushahidi akaendelea. "Ushahidi."

Ushahidi nilikuwa nao. Ulikuwa chumbani, hatua chache nyuma yangu, na mlango wetu ni wa mbao nyepesi. Nikimtaja mama, atasikia mkwewe anamshitaki mbele ya watu wasiomjua. Namfahamu. Asingengoja jua lizame, angefunga mzigo wake na jicho lake bichi akaondoka, na mimi nisingekuwa na mdomo wa kumzuia. Nikafikiria kazi, nikamfikiria akiwa amekaa pale chini anapepea boksi la chuma kwa ajili yangu.

"Ni uzembe wangu," nikasema. "Mchana huwa nachomoa waya ukutani. Betri ya ndani ni mbovu, kwa hiyo saa inasimama. Sikulifikiria hilo."

Bi Ushahidi akatazama karatasi zake.

"Juzi umeniandikia kwamba hujui sababu. Leo unachomoa mwenyewe kila siku. Uliniongopea juzi, au unaniongopea sasa?"

Mtu wa kujibu malalamiko, nikampa pole kama mteja.

"Mchana hapo nyumbani huwa kuna nani?" akauliza bwana wa utumishi.

"Hakuna mtu," nikasema.

Nyuma yangu, huyo "hakuna mtu" akakohoa.

Mwili una mazoea yake. Nikageukia ukutani. Katikati ya kikao cha kufukuzwa kazi, wakubwa wangu wakabaki wanatazama kisogo changu.

"Kaka, unaangalia wapi?"

Nilisikia kandambili zikija, lakini hazikupita kwenda uani. Zikasimama kwenye kiti changu.

"Hamjambo," mama akasema.

Bi Ushahidi akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni mama yake mkewe. Huyu hajachezea saa. Ninayechomoa waya ni mimi."

"Kwa nini, mama?"

"Aliniambia mashine imechoka."

"Alikuambia wewe?"

"Aliuambia ukuta. Sisi ndivyo tunavyoongea."

Bwana wa utumishi akaacha kutabasamu. "Sisi kwetu tunapitia kwa mtoto," akasema. "Ana miaka miwili. Ujumbe huwa haufiki."

Bi Ushahidi hakucheka, yeye ana kazi yake. Akaniambia niwafungulie waione skrini yangu, akaiandika saa iliyokuwa pale na saa iliyokuwa kwake. Karibu saa nzima ya tofauti.

"Sasa, mama," akasema, "hebu tuonyeshe unavyofanya."

Alitaka ushahidi. Mama akainama, akauonyesha.

Skrini ikawa nyeusi. Kikao kikaisha pale pale, wakubwa wakapotea, tukabaki mimi na mama mkwe sebuleni.

Nikainama niurudishe waya.

"Uache kidogo," mama akasema. "Si wanataka waone?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia mimi. Sikujua nitazame wapi. Ukuta ulikuwa umejaa kumbukumbu mbaya, basi nikamtazama yeye. Ana sura ya mke wangu, imeongezwa bandeji na subira.

"Baba," akasema, "kwa hiyo hili dude halichoki?"

"Halichoki, mama. Ni chuma tu."

Akaliwaza hilo.

"Mimi kila siku nasikia mtu hapo mezani anasema kachoka, kachoka. Nikafikiri ni mashine."

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, kama kawaida yangu. Tangu nianze kazi ile hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimechoka, na mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza. Machozi yalinitoka mbele ya mkwe, jambo ambalo nadhani lina faini yake huko kwa wazee.

"Kaa," mama akasema.

Nikakaa. Na yeye akavuta kigoda akakaa. Tulikaa tu hadi akaona inatosha.

Niliporudisha waya na kurudi kikaoni, saa ya kompyuta ilikuwa haijasogea ila ule muda wa kuwaka. Bi Ushahidi akalinganisha na ya kwake, akapiga hesabu mara mbili. Ilikuwa imebaki nyuma zaidi, kwa muda ule ule ambao sisi wawili tulikuwa tumekaa.

"Ushahidi umetosha," akasema. "Kaka, nenda kanunue betri. Ya dukani, kwenye pakiti yake."

"Na mama apone haraka," akaongeza bwana wa utumishi, akaifunga bahasha iliyokuwa mezani pake bila kuitoa barua.

Jioni mke wangu aliporudi alitukuta sebuleni, mimi kwenye kiti na mama kwenye kigoda. Akasimama mlangoni na begi lake.

"Kuna msiba?" akauliza.

Betri mpya nimeiweka mwenyewe. Fundi Uhakika, kama unasoma hapa, usije kwangu hata kwa kusalimia, na picha zangu za harusi bado nakudai.

Mama bado anachomoa waya mchana. Nilimweleza habari za betri, akasikiliza hadi mwisho, akasema kumpumzisha mtumishi hakuna hasara. Nimemwacha. Saa iko sawa. Na mchana siendi tena kibandani, nakula nyumbani, kisha naambiwa nikae kidogo kabla sijawarudia watu wa mabomba.

Funzo? Haya, chukueni mawili. Saa ya kompyuta ikibaki nyuma, anza na kibetri, wala usimwite mtu mwenye pipi kwenye kopo.

La pili ni hili. Kuta zina masikio, tuliambiwa hivyo tangu utotoni ili tuogope. Hakuna aliyetuambia kwamba upande wa pili wa ukuta anaweza kuwa amekaa mtu anayekuonea huruma, anasubiri tu umwite.